Pazia kati ya Wakwe

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakuiona wodi yangu. Kwangu uchungu wa mwana anaweza kuujua baba, shangazi, mjomba, hata binamu aliyekuja kusalimia tu akakutwa damu yake inalingana. Tunamlaza mkubwa kitanda cha jirani, tunamvalisha kofia yenye nyaya laini, tunafungua daraja, mtambo unaounganisha neva zao, na maumivu yanahama. Mtoto anabaki akichora mbuzi kwenye ukuta tuliomkataza kuuchora. Mkubwa ndiye anayeuma meno.

Asubuhi ile aliyekuwa akiuma meno ni Mama Tumpe. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inapiga bati tangu alfajiri bila kupumzika. Tumpe mwenyewe, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa amekaa kitandani akimfundisha mdoli wake kusoma, na kumgombeza kila alipokosea. Mifupa ya mtoto yule yote ilikuwa inawaka moto, lakini yeye hakuujua. Moto ulikuwa kwa mama.

Ambokile, mhandisi wetu wa daraja, akaingia ofisini kwangu bila kubisha. Huwa anabisha.

"Dokta Subilaga, hebu tazama damu ya mama Tumpe ya leo."

Nikatazama kioo alichonishikisha. Nikatazama tena, kama vile jibu lingeona haya na kubadilika.

"Ana mimba," nikasema.

"Changa. Wiki chache tu."

"Mwenyewe anajua?"

"Mimi fundi wa nyaya, Dokta. Hayo muulize wewe."

Tumpe alizaliwa na selimundu, ugonjwa uliowatesa watoto wengi wa ukanda huu kabla na baada ya sisi kujiita wataalamu. Utafiti wetu ni huu: tunatoa uboho wa mtoto, tunaurekebisha vinasaba, tunauchoma ule uliobaki mifupani, kisha tunaurudisha uliorekebishwa uote upya. Kuota huko kunauma kupita ninavyoweza kueleza. Na dawa ya maumivu haifai, kwa sababu seli changa husikiliza neva. Ukizinyamazisha neva, seli hudhani zimepandwa kwenye maiti, nazo hufa. Lazima maumivu yawepo na lazima uwepo ubongo wa kuyaitikia. Mtoto akiachiwa ayaitikie peke yake, moyo wake mdogo hauchelewi kuchoka. Bahati yetu ni kwamba mwili hauchagui sana ubongo wa nani, ilimradi ni wa damu yake.

Sasa, mama mwenye mimba habebi. Kanuni hiyo niliiandika kwa mkono wangu: maumivu yanayopita kwake hushuka hadi kwa aliye tumboni, ambaye hakuulizwa na hawezi kukataa. Nilipokuwa naiandika niliiona kanuni nzuri sana. Asubuhi ile nilitamani kuitafuna.

Nikaenda kwa Mama Tumpe. Nikainama nikamnong'oneza. Alifumba macho, jasho linamtoka kwenye paji la uso.

"Nilidhani ni uchovu wa hii kofia yenu," akasema. "Kumbe."

"Leo hii lazima utoke darajani, mama."

"Na nani atampokea Tumpe? Baba yake mmeshamkamua, hata kikombe hakishiki."

Ni kweli. Gwakisa, mumewe, alibeba siku za mwanzo mpaka vipimo vya neva vikatuamuru tumtoe, na vidole vyake vilikuwa bado vinatetemeka nyumbani kwao Masoko. Ndugu wengine tulishawapima wote. Aliyebaki kwenye orodha ni mmoja.

"Mzee Mwaisumo, babu yake," nikasema.

Mama alikuwa amezungukwa na nyaya, mwili unamuuma kila kiungo, na baba mkwe wake hata hakuwepo chumbani. Lakini nilipolitaja jina lile, Mama Tumpe aliuvuta upande wa kanga yake akafunika uso.

*

Nieleze kidogo, maana wapo wasiotujua. Kwetu Unyakyusani mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Akija baba mkwe njiani, mke anachepuka. Hawali pamoja, hawaongei, hawatazamani. Nyumba nyingi zimeshaiacha mila hiyo. Mimi mkwe wangu nakula naye meza moja na ananiibia samaki nikigeuka. Lakini nyumba ya Mwaisumo waliishika. Tangu aolewe, miaka tisa, Mama Tumpe hakuwahi kukutanisha macho na mzee yule, wala mzee hakuwahi kumwita. Wodini tuliwawekea pazia la kijani. Mzee akija kumwona mjukuu anakohoa mlangoni, sisi tunavuta pazia, ndipo anaingia. Kama mama ana neno, anamwambia Tumpe. Tumpe anapaza sauti: "Babu, mama anasema asante kwa ndizi." Babu naye anajibu kwa njia hiyohiyo. Wauguzi walikuwa wanamwita Tumpe posta.

Waliobuni daraja, huko mjini, hawakuwaza mambo haya. Kwao ndugu ni ndugu. Walitaka mtoto asibaki bila mbebaji hata kidogo, kwa hiyo wakatengeneza makabidhiano ambamo mbebaji mpya anaingia kabla wa zamani hajatoka. Kwa dakika chache wote wawili wako darajani pamoja. Na wakiwa mle kila mmoja anausikia mwili wa mwenzake wote, mapigo ya moyo, goti bovu, njaa, ziwa linalouma. Gwakisa na mkewe walipokabidhiana walitoka wanalia na kucheka. Mume na mke, wacha wacheke. Lakini mkwe na mkwe?

Nilimkuta Mzee Mwaisumo barazani, koti la mvua limekunjwa magotini, anatazama maji yakikimbia kwenye mtaro.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Mtoto kaamkaje?"

"Yeye mzima. Ni mama yake inabidi tumtoe leo, kwa sababu za kitabibu ambazo ni zake mwenyewe. Damu iliyobaki inayolingana ni yako."

Akasimama palepale. Umri ule, na goti lile, akasimama kama askari.

"Niko tayari. Kofia iko wapi?"

Nikamweleza makabidhiano. Nilieleza polepole, kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, nikitumaini kwamba katika lugha mojawapo jambo lenyewe litapungua ukubwa. Halikupungua. Mzee akakaa tena.

"Maumivu nayataka," akasema. "Nipe hata sasa hivi, hata maradufu. Lakini kuingia ndani ya mwili wa mke wa mwanangu, hapana."

"Baba, ni dakika chache."

"Wewe Mnyakyusa au ulizaliwa hospitalini? Miaka tisa yule mama ananipisha njia. Ananipisha kwenye mvua, ndoo iko kichwani, miguu inateleza kwenye matope, na mimi napita kwenye pakavu. Hajawahi kunung'unika. Leo heshima hiyo niilipe kwa kumvua nguo mbele ya mashine?"

Nikamwacha barazani.

Nikarudi kwa mama. Yeye alisema neno moja tu, akiwa bado kajifunika. "Siwezi."

*

"Tuwadanganye," alisema Ambokile.

Tulikuwa chumba cha mitambo. Alisema bila ubaya wowote. Ambokile ni mtu mwema, ana watoto watatu, na Tumpe anampenda kwa sababu anajua kutengeneza vinyago kwa nyaya mbovu.

"Mama tumchome sindano ya kumsinziza kidogo," akaendelea. "Mzee tumwambie mama ameshatoka. Akisikia kitu cha ajabu, tuseme ni mtambo unapasha moto. Mtoto hatapata hata kero. Nani ataumia?"

Sitaficha, nilivutwa. Nilikaa nikalipima wazo lile, na kila nilipolipima lilikuwa tamu. Mtoto salama, tumbo la mama salama, mila salama, takwimu zangu safi. Kilichonizuia ni jambo moja. Kesho mama mwingine atalala chini ya kofia yangu kwa sababu tu nimemwambia "amini". Sina kingine cha kumpa. Nikianza kulitumia neno hilo kudanganyia watu, hata wema wangu utakuwa wizi.

"Hapana," nikasema. "Na kusimamisha tiba pia hapana. Maji tumeshayavulia nguo. Uboho wa zamani umeshachomwa. Tukisimama, mtoto hana wa zamani wala mpya."

"Basi iko njia moja, na hutaipenda. Tumtoe mama kwanza kabisa, ndipo mzee aingie. Daraja lianze kumjifunza upya."

"Linachukua muda gani?"

Ambokile ni mwimbaji wa besi katika kwaya ya usharika, na muda wake wote anaupima huko. "Kama wimbo mmoja, beti zote nne na viitikio. Muda huo mtoto anabeba peke yake."

"Moyo wake unahimili nyimbo ngapi?"

"Mbili, Dokta. Ukianza wa tatu…" Akashika bisibisi, akaiweka chini, hakumaliza.

Nilikasirika. Niliwakasirikia wa mjini na daraja lao, nikamkasirikia mzee, nikamkasirikia yule mama na kanga yake. Mila gani hii inayomtoza mtoto ushuru ili wakubwa wasioneane haya? Niliyasema hayo kwa sauti, na ukuta wa chumba cha mitambo ni wa mbao. Mzee alikuwa barazani upande wa pili. Sikuomba radhi. Nikaenda kumuuliza mwenye mifupa.

*

Tumpe alimlaza mdoli ndipo akanisikiliza. Nilimwambia yote isipokuwa siri ya mama yake. Kwamba mama lazima apumzike. Kwamba babu anataka kumpokea. Kwamba wawili hao hawawezi kuwa darajani pamoja, na sababu anaijua.

"Kwa hiyo katikati ninabeba mimi," akasema.

"Katikati unabeba wewe. Ukikataa, hakuna atakayekugombeza. Nitawalazimisha wakubwa, watanichukia, na mimi nitazoea."

Akafikiri. Alikuwa na tabia ya kuvuta sikio akifikiri.

"Inauma kama ile ya zamani? Ya kabla sijaja hapa?"

"Zaidi."

"Nitalia."

"Lia."

"Babu asiambiwe nimelia."

"Atakusikia, Tumpe. Pazia si ukuta."

Akavuta sikio tena, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Mimi ndiye ninapelekaga vitu," akasema. "Uji, ndizi, maneno, kila kitu. Hata hii nitapeleka. Lakini nishike mkono wewe, Dokta, asinishike nesi Tusa. Ana mikono ya baridi."

Nikamwambia sawa. Nikatoka nje kidogo, nikasimama kwenye mvua mpaka uso wangu wote ukalowa, maana sikutaka Ambokile aone ni maji gani.

*

Tulipanga hivi. Tumpe kitanda cha kati. Mama yake kulia, nyuma ya pazia la kijani. Mzee kushoto, kofia kichwani, macho ameyafumba mwenyewe bila kuambiwa. Nilimtaka mama atoke nje baada ya kumvua kofia, akapumzike. Akanijibu kwamba miguu ni yake. Nikamwacha.

"Natoa," alisema Ambokile.

Nyuma ya pazia nikasikia Mama Tumpe akivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetuliwa mzigo. Na mkononi mwangu vidole vya Tumpe vikakaza ghafla. Alitazama dari. Alijitahidi, mtoto yule. Alikaza midomo mpaka ikawa myeupe. Kisha akapiga ukelele ambao nilikuwa sijausikia tangu siku alipoletwa kwetu mgongoni mwa baba yake.

"Beti ya kwanza," alinong'ona Ambokile. "Linamsoma mzee. Linamsoma. Ya pili."

Nilitazama kioo cha moyo. Unakimbia, lakini kwa mpangilio. Nilimwambia Tumpe nipo, nipo, nipo.

"Ya nne. Sasa linamshika… Halimshiki."

"Nini?"

"Amekaza, Dokta. Linagonga, hafungui."

Mzee Mwaisumo alikuwa amekunja ngumi, mishipa ya shingo imesimama. Alikuwa anamsikia mjukuu wake analia, na mwili wake wote ulikuwa umejiandaa kupigana, kama mwanaume anayezuia mlango usivunjwe.

"Baba, legeza," nikamwambia. "Pumua. Usipigane nayo."

"Nimelegeza!" alisema kwa meno.

Hakulegeza hata kidogo. Nikaendelea kumwambia pumua, legea, tulia, maneno yote yaliyomo kwenye mafunzo yetu, na nilijua ni maneno ya mtu ambaye hajawahi kuivaa ile kofia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Wimbo wa pili umefika katikati," alisema Ambokile. Sauti yake ya besi ilikuwa imepanda juu. "Nimrudishe mama?"

"Hapana. Endelea kugonga."

Ndipo nikasikia nyuma ya pazia, "Tumpe. Tumpe, mwanangu. Mwambie babu…"

Hata wakati ule alikuwa anapitia posta. Lakini posta haikuweza. Tumpe alifumbua mdomo, likatoka yowe tu. Akajaribu tena. Nilimwona anajaribu, macho yake yananitazama, anataka kufikisha, na hakuna neno linalotoka. Moyo kwenye kioo ukaruka pigo moja.

Pazia likashikwa kwa ndani. Halikufunguliwa. Niliona tu vidole vikilikamata kitambaa cha kijani na kukikunja.

"Baba," akasema Mama Tumpe.

Ngumi za mzee zikashtuka.

"Baba, usiyazuie mlangoni. Hayaji kupigana. Yapishe. Yapishe kama mimi ninavyokupisha njiani. Sogea pembeni, simama kwenye matope, inamisha kichwa, yaache yapite. Yanapita, baba. Kila siku yanapita. Toa pumzi. Fungua mikono. Yapishe."

Mzee Mwaisumo akatoa pumzi. Ilikuwa ndefu, na katikati yake kulikuwa na kitu kama kilio. Kidole kimoja kikafunguka, kisha vyote. Viganja vikageuka juu, vikalala wazi shukani.

"Limeshika!" alipaza sauti Ambokile. "Limeshika, limeshika, linavuka!"

Kilio cha Tumpe kikakatika kama redio iliyozimwa. Mkono wake ukawa laini ndani ya wangu. Na kwenye kitanda cha kushoto mzee alikunja uso, akaguna kwa sauti ya chini, akaguna tena, lakini mikono hakuifunga.

Moyo wa mtoto ulirudi kwenye mwendo wake taratibu. Niliutazama mpaka nikauamini. Kisha nikakaa sakafuni, dokta mzima, na sikuona aibu.

Vidole vililiachia pazia, kitambaa kikakunjuka. Nilimtazama mzee. Alikuwa bado amefumba macho.

"Mimi sikumwona mtu," akasema, kama aliyeulizwa. "Tumpe."

"Abee, babu." Sauti ilikuwa imekauka.

"Mwambie mama yako, babu amepokea."

Tumpe akageuza kichwa upande wa pazia, lililokuwa karibu naye kiasi cha kuguswa. "Mama, babu anasema amepokea."

"Mwambie ndaga. Mwambie asante sana," mzee akaongeza.

"Mama, anasema ndaga sana."

Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anajipangusa kwa kanga. Kisha ile sauti ikarudi, ndogo, ya adabu, ya siku zote. "Tumpe, mwambie babu ajipe moyo, siku zilizobaki ni chache. Na mwambie kuna mwingine anakuja, ndiyo maana nimetoka."

Nilimtazama Ambokile. Ambokile akatazama nyaya zake.

"Babu, mama anasema ujipe moyo. Halafu kuna mwingine anakuja." Tumpe akavuta sikio. "Mwingine nani?"

Mzee Mwaisumo akaanza kucheka. Kicheko kilimuumiza, ilionekana wazi kwamba kila mtikisiko ulikuwa unamchoma mifupa, akaguna, akacheka tena, machozi yanashuka kwenye mikunjo ya mashavu mpaka masikioni, na macho yamefumbwa vilevile.

"Babu, inauma?"

"Inauma, mjukuu wangu. Inauma kweli." Akatoa pumzi, akalipisha wimbi moja la maumivu lipite, kisha jingine. "Lakini ni yangu sasa. Wewe kunywa uji."

Nikainuka sakafuni nikaenda kuuleta mwenyewe.